Taya Ndani ya Mkoba wa Shule

Juzi nilimpeleka binti yangu kwa daktari wa meno, na kabla hatujaitwa ndani mtu nyuma ya pazia akaanza kuyeyusha nta. Harufu iliponifikia nilitafuta kiti nikakaa. Si harufu mbaya. Ni ya mshumaa wenye utamu-utamu, na chini yake kuna vumbi la plasta linalokwaruza koo. Binti yangu akaniuliza kama naogopa sindano. Nikamwambia mimi siogopi kitu, mimi niliwahi kutupa taya jaani na usiku huo nikalala fofofo. Alicheka, akadhani namtania. Nyinyi wa rika langu, mliokulia Eastlands ya Nairobi, mtaniamini zaidi yake.

Tulikaa Kariobangi, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo ngazi zake zilikuwa zimelika katikati kwa nyayo za watu. Baba alikuwa fundi wa kushona viti vya magari kwenye karakana za jua kali, na alirudi nyumbani akinukia gundi. Mama alikuwa kibarua katika kiwanda cha ndoo na mabeseni. Watoto tulikuwa wawili: mimi, Atieno, darasa la nne, mtoto mwenye macho manne na akili nusu, na dada yangu Akinyi aliyekuwa kidato cha tatu. Tulilala kitanda kimoja. Yeye ndiye aliyenifundisha sehemu za hesabu kwa kunikatia chapati, robo, nusu, robo tatu, halafu akila ile robo iliyobaki kama malipo ya mwalimu. Nilimpenda kupita kiasi, na sikuwahi kumwambia kwa sababu nyumbani kwetu maneno hayo hayakuwa yakisemwa.

Mwaka ule kidato cha tatu kilikuwa kinavuja. Aliondoka Mercy wa ghorofa ya pili, akaenda kuuza vitambaa Eastleigh. Wakafuata mapacha wa jengo la jirani. Hakuna aliyewafukuza, wala hawakuwa wajinga. Waliwatazama tu kaka na dada zao waliomaliza kidato cha nne, wamekaa kwenye ngazi tangu asubuhi, vyeti vyao vimelazwa chini ya godoro, wakajiuliza swali moja: tukimaliza, halafu? Mwalimu wa kulijibu hakupatikana. Hatimaye swali hilo likapanda ngazi mpaka kwetu.

"Baba, nishachoka na shule," Akinyi alisema jioni moja tukila ugali na omena.

"Umechoka na shule, ama shule imechoka na wewe?"

"Hizo D zangu hazinipeleki mahali. Shangazi Rose anataka mtu wa kumsaidia kusuka kwa saluni yake. Naeza anza hata wiki ijayo."

Mama akaweka tonge chini. Baba aliendelea kutafuna, maana alikuwa mtu wa kupima kwanza na kukata baadaye. "Kiti hakitoki kwenye fremu kabla mshono haujaisha," akasema. "Maliza muhula. Siku ya kufunga shule nitamwita shangazi yako aje hapa, na utasema mbele yake unachotaka, shule ama saluni. Ukisema saluni, sitakuzuia."

Saluni ya Shangazi ilikuwa Pipeline, mtaa wa mbali ambako Akinyi angelazimika kuhamia. Sikuwa nimewahi kufika Pipeline, lakini kuanzia jioni ile niliichukia kabisa. Nilihesabu wiki za muhula kwa vidole, nikaona zinatoshana na mikono miwili na kidogo.

Wiki chache baadaye akaja Dani, nyanya yetu mzaa baba, kutoka Siaya, kutibiwa macho. Dani hakuwa na meno sita ya mbele ya chini. Wazee wengi wa Kijaluo wa umri wake walikuwa hivyo, na mimi nilipenda kumtazama akila mahindi ya kuchoma kwa meno ya pembeni, bila taabu yoyote. Nilimwuliza yalikwenda wapi, naye akanieleza alasiri moja akipepeta mchele. Alikuwa msichana wa kama miaka kumi na mitatu. Alilazwa chini, mzee mwenye chuma akaja, yakang'olewa moja baada ya jingine, na hakutakiwa kulia. "Basi nikawa mtu mzima," alisema, "na mwaka uliofuata nikaolewa." Alisema kwa wepesi, kama anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Mimi nikaibeba habari hiyo nzima, bila kuuliza kama mambo hayo bado yanafanyika.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo Akinyi hakulisema nyumbani. Nililijua baadaye, lakini nitalieleza hapa ili tusipotezane. Jumamosi alipotuaga kwamba anaenda tuisheni, alikuwa anaenda kwenye ukumbi wa mtaa, kwa mama mmoja wa Eastleigh aliyestaafu kazi ya hospitali, Madam Halima. Huyo mama alikuwa ameona vile vidato vinavyovuja, akaamua kuwakusanya wa kidato cha tatu kila wiki. Mara ya kwanza Akinyi alifuata rafiki yake, na nadhani pia alifuata mandazi. Hakutaka Baba ajue, kwa sababu Baba alikuwa amechoshwa na mikutano ya vijana ambako watu hupewa soda na ahadi, kisha wenye ahadi wanapanda gari na kwenda zao.

Madam Halima hakutoa ahadi. Alitoa karatasi. "Hapa tunaanzia mwisho," aliwaambia. Juu kabisa unaandika kazi unayoitaka. Chini yake, kozi inayokufikisha huko. Chini yake tena, masomo na alama ambazo chuo kitakuuliza. Mstari wa mwisho kabisa unaandika utakachofanya Jumatatu asubuhi. Mtu akiandika rubani juu na kuacha Jumatatu wazi, Madam alimrudishia karatasi yake.

Akinyi hakuandika chochote. Alikuwa amekaa nyuma, anachonga kipande cha chaki kwa sindano nene ya Baba ya kushonea viti.

"Wewe, mbona huandiki?" Madam Halima alimwuliza.

"Sijui niandike kazi gani, Madam."

"Hujui, ama hutaki?"

"Sijaona."

Madam akakichukua kile kipande cha chaki. Kilikuwa kimekuwa kichwa cha mtu, kina masikio, kina hata mkunjo wa kope. Akakigeuza geuza. "Nani alikufundisha hii?"

"Mikono tu. Baba yangu ni fundi."

"Haya. Asiyeona hupelekwa akaone. Jumamosi ijayo usije hapa."

Akampeleka Eastleigh, kwenye chumba kilicho juu ya maduka ya nguo, kwa fundi aitwaye Abdi aliyekuwa akitengeneza meno ya bandia kwa ajili ya madaktari wa mjini. Jumamosi tatu Akinyi alisimama pale akitazama. Ya nne Abdi alimkabidhi taya la plasta, la chini, lenye pengo la meno sita mbele, pamoja na kipande cha nta. Kumbe wazee wengi wa kwetu walikuwa wakija mjini kuziba pengo lile. "Jaza hapo," alimwambia. "Una wiki moja. Ukiniletea meno, tutaongea habari ya chuo. Ukiniletea nta, utakuwa umenimalizia nta yangu."

Mimi yote hayo sikuyajua. Nilichojua ni kwamba Ijumaa, baada ya shule, nilikuwa natafuta kichongeo cha penseli kwenye mkoba wa Akinyi, naye alikuwa ametumwa unga. Mkono wangu ukagusa kitu kigumu kilichofungwa ndani ya sweta ya shule. Nikakifungua. Lilikuwa taya. Taya jeupe, lenye magego pande zote mbili, na mbele pale, patupu. Nilihesabu nafasi. Sita.

Dani alikuwa amekuja. Dani na Baba walikuwa wakinong'ona juu ya Akinyi kila nikiingia na chai. Mwisho wa muhula Shangazi atakuja kumchukua. Nani asingeona? Wanamng'oa meno, anakuwa mtu mzima, mwaka ujao anaolewa, na hilo taya ndilo kipimo chao. Pipeline ilikuwa danganya toto tu. Nilijiona mimi peke yangu katika jengo lote ndiye ninayejua ukweli, na nawaambia, pamoja na hofu, nilijivuna.

Nililitia kwenye mfuko wa nailoni, nikashuka ngazi zote nne, nikalitupa kwenye lundo la taka nyuma ya jengo. Nilisimama pale mpaka wale wa mkokoteni walipokuja, kwa sababu Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku yao. Wakapakia, wakaondoka. Nikapanda juu nikala mkate. Niliona nimemwokoa dada yangu kwa kazi ya dakika ishirini.

Akinyi aliporudi na unga alikwenda moja kwa moja kwenye mkoba. Akatoa vitabu kimoja kimoja, halafu vyote kwa pamoja. Akainua godoro.

"Atis, umeona kitu kwa bag yangu?"

"Kitu gani?"

"Kitu. Kilikuwa kwa sweta."

"Mimi sijui mambo ya sweta yako."

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa kitandani mwake. Alitafuta mpaka chini ya jiko. Kisha akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akaanza kulia bila sauti. Akinyi hakuwa mtu wa kulia. "Basi," akajisemea. "Nilijua tu. Siwezi rudi kwa yule mzee mikono mitupu. Nitamwambia Baba amwite Shangazi sasa, hakuna haja ya kungoja tufunge."

Mimi nilikuwa nimelitupa taya ili asiondoke, na sasa ndilo lililokuwa likimwondoa. Nilimtazama dada yangu pale chini, pua imemvimba, nikaona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio huwaka. Baba na Mama walikuwa wameingia, Dani alikuwa kwenye kiti chake, na mimi nikapayuka mbele yao wote.

"Ni mimi! Nilitupa hiyo taya! Nilitupa ndiyo Dani asikung'oe meno uolewe!"

Baba akamtazama Mama, Mama akamtazama Dani.

"Taya gani?" Baba aliuliza.

Hapo Akinyi hakuwa na pa kujificha. Alieleza yote, ukumbi, Madam Halima, Abdi, ule uongo wa tuisheni, na jinsi alivyokosa mahali pa kuchonga kwa siri wiki nzima. Alieleza akiwa ameinamisha kichwa, lakini alipofika kwenye nta sauti yake ilibadilika, ikapata nguvu, na mikono ikaanza kuonyesha jinsi jino linavyochongwa kutoka shingoni kwenda juu. Baba hakumkatiza. Alikuwa anaitazama ile mikono.

Dani ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka. "Mimi? Nimng'oe nani? Atieno, njoo hapa." Nikaenda, akanishika shavu, na kicheko kikamwisha. "Siku ile niliyong'olewa, nilikuwa nasoma shule ya misheni. Nilikuwa najua kusoma, nilikuwa najua kuandika jina langu na la baba yangu. Sikurudi. Hakuna mtu aliyeniuliza kama nataka kurudi. Unasikia? Siwezi kumfanyia hivyo mtoto wa mtu, sembuse mjukuu wangu." Kisha akamgeukia Akinyi. "Huyo Abdi wako anataka taya lisilo na meno sita?"

"Ndiyo, Dani. Lakini lilikuwa lake, na limepotea."

"Sasa mnalilia nini na mimi nimekaa hapa?" Akafungua kinywa chote, tukaona.

Mama akaangua kicheko. Baba alijaribu kubaki mkali, akashindwa nusu. "Uongo wa tuisheni tutauzungumza Jumapili," akamwambia Akinyi. "Kesho ni Eastleigh. Na huyu mwenye kutupa mali ya watu ataenda kuomba msamaha kwa mdomo wake."

Kwa hiyo Jumamosi tulipanda ngazi za kwa Abdi watatu, Dani katikati. Chumba cha Abdi kilikuwa chembamba, kila kitu kimepakwa unga mweupe, hata redio, na kwenye rafu mataya yalikuwa yamepangwa safu kwa safu, mengine yamecheka, mengine yamenuna. Taa ndogo ya spiriti iliwaka mezani, na hapo ndipo niliponusa ile nta kwa mara ya kwanza. Abdi alikuwa mtu mrefu, mwenye ndevu zilizopakwa hina na miwani iliyofungwa uzi. Nikasimama mbele yake nikasema nilichofundishwa.

"Wewe ndiye mwizi wa mataya?"

"Mimi ndiye, lakini sikuiba, nilitupa."

"Afadhali ungeiba, ningelipata." Akamtazama Dani, akamtazama Akinyi, akaelewa kabla hatujamaliza kueleza. "Karibu, mama. Keti. Hii kitu itakuziba kidogo."

Alikoroga uji mzito wenye harufu ya mnanaa, akaujaza kwenye kijiko kikubwa cha bati, akamsukumia Dani mdomoni. Dani akamshika shati, macho yakamtoka, miguu ikapiga sakafu, lakini alivumilia mpaka uji ukaganda. Abdi akamimina plasta ndani ya ile alama. Ilipokauka, akaigonga, na taya la Dani likatoka kamili mkononi mwake. Dani akalishika, akapitisha kidole penye pengo. "Kumbe ndivyo nilivyo," akasema.

Akinyi akakaa kuchonga. Nilikuwa nimemzoea dada aliyeangalia saa kila mara, aliyefanya kazi ya shule huku mguu ukitikisika. Siku ile mguu ulitulia. Alipasha kisu motoni, akakata, akapuliza, akapasha tena. Watu waliingia na kutoka, muezini akaadhini, Abdi akaenda kuswali akarudi, naye hakuinua kichwa. Meno ya kwanza aliyochonga yalikuwa mazuri sana, yamenyooka. Abdi akayatazama mara moja, akayang'oa yote kwa kidole.

"Mtu wa miaka sabini hana meno ya gwaride. Umemtazama ya juu?"

Nikadhani Akinyi atasimama aondoke. Badala yake alivuta kiti mbele ya Dani. "Dani, uma meno. Fungua. Uma tena." Akatazama lile moja la juu lililopinda, na lile lililosagika kwa mahindi ya miaka mingi, akarudi mezani, akaanza upya. Safari hii Abdi aliyageuza kwenye mwanga, akayageuza tena, akayarudisha mezani bila kung'oa hata moja.

"Hii kazi inasomewa," akamwambia. "Miaka mitatu, chuo cha tiba. Wanaanza kwa kutazama biolojia na kemia. Kemia una nini?"

"D."

"Mikono yako imeshafika chuoni. Sasa iletee kemia. Hapa mlango uko wazi kila Jumamosi, lakini nitakuuliza."

Jioni ile Baba alilichukua taya la mama yake, akasogea nalo dirishani. Alipitisha kidole gumba pale nta inapokutana na plasta, vile alivyokuwa akikagua kiti kabla ya kumkabidhi mwenyewe. "Mshono hauonekani," akasema. Sikuwahi kumsikia Baba akisifu kitu kwa maneno makubwa zaidi ya hayo. Mama akaenda jikoni ghafla, akakaa huko kidogo.

Siku hizi Akinyi ni fundi wa meno, ana chumba chake na anafundisha vijana, na watu hupenda kusema alizaliwa na kipaji. Mimi huwa nakasirika nikisikia hivyo. Kipaji kilikuwapo hata alipokuwa akitaka kuacha shule, na hakikumzuia. Kilichomshika ni ile karatasi ya Madam Halima, ambayo hatimaye aliijaza na kuibandika ukutani juu ya kitanda chetu. Mstari wa juu: fundi wa meno. Wa chini kabisa: Jumatatu, kumwuliza mwalimu wa kemia swali moja. Swali moja tu, lakini kila Jumatatu, na wenzake darasani walimcheka, na yeye akauliza. Nililala chini ya karatasi ile mpaka nikaijua kwa moyo. Baadhi ya majina ya kemia ninayoyajua nilifundishwa kitandani na dada aliyekuwa akiyakariri gizani, nami nikimwomba anyamaze.

Shule ikafungwa. Kemia ilikuwa imefika C, tena ya kujikongoja. Shangazi Rose alikuja Jumapili kama Baba alivyomwita, amevaa vizuri, amebeba mkate na soda kubwa, na sikuweza kumchukia nilivyokuwa nimepanga, kwa sababu alikuwa amenikumbuka na vibanio vya nywele. Alikuwa ameshampangia Akinyi kila kitu, sehemu ya kulala, aproni, hata wateja wa kuanzia. Baba akakunja gazeti. "Haya, Akinyi. Nilikwambia sitakuzuia. Mwambie shangazi yako."

Nilimshika Dani mkono. Hakuna aliyekuwa amemwuliza Akinyi tangu siku ile ya omena, na mtu hubadilika mbele ya mgeni.

Akinyi alisimama. "Shangazi, asante. Likizo nitakuja kukusaidia kusuka, kama bado utanitaka. Lakini shule ikifunguliwa narudi."

"Na huko chuo mnakokuimba, wakikukataa?" Shangazi hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amewaona wengi. "Umalize kidato cha nne, halafu wakukatae?"

"Basi watanikataa nikiwa nimemaliza."

Shangazi akavua viatu alivyokuwa amebaki navyo ili waondoke upesi, akaviweka mlangoni, akamwomba Mama chai.